Ubao Wenye Tundu

Tunduma, 14 Julai 2024

Kwako Mama Eva, mkwe wangu wa Ikinga,

Nakusalimu wewe na nyumba yako nzima, na wajukuu zetu wawili nawabusu mmoja mmoja. Sisi tupo. Vumbi la mwezi huu limeingia mpaka kwenye chumvi. Malori yamepanga foleni kutoka mpakani, madereva wanakojoa kwenye chupa na chupa wanazitupa mbele ya duka langu la vitenge. Asubuhi nazisukuma kwa fagio huku nimeziba pua na mtandio. Mimi kinyaa kitaniua kabla ya sukari. Mwanangu Othmani alipita wiki jana akirudi Kitwe kwa mkewe. Amenenepa. Mwanao Eva anamtunza, hilo nalikiri hata kama hukuniuliza.

Naandika kwa sababu simu yangu hupokei. Boazi ameahidi kukuletea barua hii kwa mkono wake, kila wiki gari lake linafika Itumba, hana kisingizio.

Neno langu ni hili. Sabra na Aziz hawakuja likizo ya Juni. Nilitandika kitanda, nikanunua mashuka ya maua, nikakaa natazama barabara. Nataka waje Desemba. Mimi ni bibi yao mzaa baba, si mpita njia.

Fauzia, mwalimu wa chekechea hapa mtaani, kaniambia watoto wadogo hawamfuati bibi, wanafuata mchezo. Ninunue mchezo wa ubaoni, wa kuanzia, nikae nao chini mkekani. Basi nimezunguka. Loo, mama. Ludo ina dadu, na sisi tumekua tukiambiwa mkono unaorusha dadu ni kama uliochovywa kwenye damu ya yule mnyama. Sitamtia mjukuu wangu huko. Nyoka na ngazi ina majoka yamechorwa yanameza vitoto, ndimi nje, mate yanachuruzika, sijui nani alikaa akachora uchafu ule akaona ni wa watoto. Drafti niliyoonyeshwa ina kete za vizibo vya bia. Nilivishika, vikaninukia vidole mpaka magharibi.

Niambie wanapenda nini, nami nitatafuta. Sabra ana miaka sita sasa na Aziz minne, au nimekosea? Usichelewe kujibu.

Mama Othmani


Ikinga, 9 Agosti 2024

Mama Othmani,

Bwana asifiwe. Najua hutaitikia, kwa hiyo nimeitikia mwenyewe.

Ndaga kwa salamu, ndiyo asante yetu huku, na kwa sabuni uliyompa Boazi ingawa sikukuagiza sabuni. Tumevuna mahindi, maharage yameliwa na wadudu nusu, kahawa inachumwa. Baridi ya mwaka huu si ya kawaida, asubuhi nyasi ni nyeupe. Mguu wangu unauma upande uleule. Mzee Yesaya jirani alizikwa Jumamosi, tuliimba vizuri.

Hukukosea miaka. Ila hao ni watoto wa kijijini, mchezo wao ni matope. Kama lazima ununue, basi sikia. Aziz kila kitu anakipeleka mdomoni, kwa hiyo usilete vidude vidogo vya kumezwa, nikaja kuvitafuta upande wa pili. Sabra hajui kusoma vizuri, anahesabu mpaka ishirini na anaruka kumi na tisa. Akishindwa analia, na Aziz akishinda anacheka mpaka anampiga dada yake. Kwa hiyo usilete mchezo wa kulana kete. Na uwe mfupi. Mchezo ukizidi muda wa ugali kuiva, Aziz anaukalia.

Habari ya Desemba tuiache kwanza. Mtoto amesema hapana, na sababu unaijua.

Gwantwa


Tunduma, 2 Septemba 2024

Mkwe wangu Mama Eva,

Salamu nyingi na pole ya msiba wa jirani. Mguu upake mafuta ya karafuu, nimempa Boazi kichupa, usikitoe zawadi kama ulivyotoa kile kingine. Sisi huku tuna kipindupindu cha maneno, maji hayatoki siku ya nne, na jirani yangu wa nyuma amefungua kibanda cha kitimoto. Kibanda, mama, dirishani kwangu. Upepo ukigeuka nafunga madirisha, nafukiza ubani, bado moshi wa mafuta yale unanikuta jikoni. Nakula nikiwa nimegeukia ukuta.

Sababu unayosema naijua, mimi siijui. Kama mtoto aligombezwa, watoto wote hugombezwa.

Tuyaache hayo. Mchezo nimepata, tena nilivuka mpaka kuutafuta Nakonde. Mwenye duka alinipokea kwa Kibemba chake, mulishani mayo, hujambo mama, akanishushia maboksi mpaka sakafu ikajaa. Nimechagua kwa maneno yako. Kete ni za mbao, nene kama kidole gumba, Aziz hawezi kumeza hata akipewa wiki. Hakuna kusoma. Hakuna kumla mwenzio. Ubao una barabara ya duara na kila mnyama ana banda lake: ng'ombe, mbuzi, kuku, bata. Kuna wingu jeusi la mbao, nalo linatembea. Watoto wote wanasaidiana kurudisha wanyama bandani kabla mvua haijafika. Wakishinda wanashinda wote, wakilowa wanalowa wote. Niliupenda kwa moyo, nikaulipia bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kunitokea Nakonde.

Nilipofika nyumbani na kuufungua taa ikiwaka ndipo nikaona. Mnyama wa tano ni yeye. Mwekundu kama kidole kilichoungua, anacheka, ana banda lake karibu na la mbuzi. Kete yake nimeitupa shimoni. Banda lake nimelikata kwa wembe, nimelitoa kabisa, kwa hiyo ukiona tundu ubaoni ujue si panya. Dadu pia nimelitupa, lilikuwa la rangi badala ya nukta, lakini dadu ni dadu. Mtatafuta namna.

Nimeweka na kashata. Waambie bibi yao wa Tunduma ndiye aliyechagua.

Mama Othmani


Ikinga, 20 Oktoba 2024

Mama Othmani,

Bwana asifiwe, na hii nimeitikia kwa hasira.

Nimekaa na barua yako mwezi na zaidi kwa sababu kila nilichoandika nilikitia motoni. Kahawa tumeuza. Mvua za kwanza zimegusa. Wote wazima.

Umenitumia ubao wenye tundu. Nilidhani kweli ni panya mpaka niliposoma. Wewe umekata banda, umetupa kete, umesahau kifuniko cha boksi. Kwenye kifuniko wanyama wapo wote watano, wamepanga mstari. Sabra alitia kidole kwenye tundu, akatazama kifuniko, akatazama tundu, akachomoa kidole. Aziz ndiye aliyesema. Alisema bibi amemwua nguruwe.

Mimi nafuga nguruwe, mkwe. Hukuanza kulijua leo. Mume wangu aliacha jembe moja na nguruwe jike mmoja, na Eva amesomeshwa na uzao wa yule nguruwe mpaka akafika alipokutana na mwanao. Watoto wako siwapi nyama hiyo, niliahidi siku ya ndoa na sufuria yao iko kwenye kigingi chake. Neno langu nimelishika. Lakini kunikatia mnyama wangu kwa wembe na kunitumia shimo lake kwa gari, hilo limenitia kichefuchefu. Kama unaona kinyaa kwangu, sema. Usikate karatasi za watoto.

Mchezo hauwezi kuchezwa bila kitu cha kuamua nani asogee. Nimechukua buni kavu za kahawa. Buni ina upande bapa na upande wa mgongo. Mtoto anarusha nne mkekani, tunahesabu zilizolala chali, anasogea. Zote zikifunika uso, wingu linasogea. Aziz anaupenda, analala na ng'ombe wa mbao.

Sabra hagusi. Anakaa pembeni anamwambia mdogo wake pa kusogeza, kete hazishiki.

Gwantwa


Tunduma, 28 Oktoba 2024

Mama Eva,

Salamu. Nimejibu siku hiyohiyo, Boazi anasubiri mlangoni na injini inaunguruma.

Umeondolewa dadu ukaleta ramli. Kurusha mbegu mkekani na kusoma zimelalaje, hiyo ndiyo kazi ya waganga wote niliowakimbia tangu Tanga mpaka huku. Wajukuu zangu wanapigishwa ramli kwa kahawa, na wewe ni mtu wa kanisa. Sikuamini macho yangu. Nimesoma mara mbili nikaenda kunawa uso.

Habari ya mnyama wako sitaki kuizungumza. Sufuria nakushukuru. Hilo nilikuwa silijui.

Sasa niambie neno moja na usizunguke. Kwa nini Sabra hashiki kete? Nilizinunua kwa ajili yake kuliko wote. Kama ni mimi, nitajie kwa kinywa chako, maana mambo ya "sababu unaijua" yamenichosha.

Mama Othmani


Ikinga, 17 Novemba 2024

Mama Othmani,

Bwana asifiwe.

Leo sina habari za shamba. Tumepanda, basi. Habari ya ramli nayo naiacha, ingawa ningekuwa na miguu mizima ningekuja kukujibu uso kwa uso. Umetaka nikutajie, nakutajia.

Idi ya mwezi wa nne mtoto alikuja kwako na gauni jipya. Asubuhi ile nguruwe wetu alikuwa amezaa, na Sabra alikuwa amebeba watoto wake kifuani kabla hajavaa gauni. Alipofika kwako, wewe umekaa uani na wageni wako wanakunywa chai, akaja mbio kukusimulia, maana kwake ilikuwa habari njema kuliko zote. Ulimshika kifundo cha mkono, hukumshika mkono. Ukampeleka bombani. Ukamwosha mara saba, na moja ukamsugua kwa udongo wa uani, mbele ya wanawake wote, ukasema najisi hii itoke. Gauni likalowa. Wengine walicheka. Alikuwa na miaka mitano.

Mimi sikuyajua haya. Nilipokuandikia kwamba sababu unaijua, nilijua tu kwamba tangu Idi ile hataki kuja kwako. Mtoto hakusema. Nilimwona tu haingii bandani tena, yeye aliyekuwa akiwapa nguruwe majina. Nikamwona anakula amekalia mkono wa kushoto. Nilidhani ana kidonda, nikaukagua, hakuna kitu. Juzi baada ya barua yako nilimpa kete ya bata, nikamwambia shika, ni ya mbao tu. Akaficha mikono mgongoni. Akaniambia, "Bibi, mikono yangu ina nguruwe. Kete ni za Bibi Tunduma. Zikiingia nguruwe ataniosha tena." Hapo ndipo nikamkalisha akanieleza yote.

Mimi dini yako siitukani, na sheria zenu za najisi siwezi kuzifundisha. Lakini nilitoka nje nikatema mate, mkwe. Wewe unaona kinyaa cha moshi, cha vizibo, cha karatasi iliyochorwa. Mimi kinyaa changu ni wewe. Nimekisema, nimemaliza.

Othmani amepiga simu, anataka watoto waje kwako Desemba, na mimi sishindani na baba mwenye watoto wake. Nilimwuliza Sabra. Amesema atakuja. Unajua kwa nini? Kwa sababu Aziz anataka kuja, na Sabra hataki Aziz aoshwe peke yake.

Atafika na Boazi asubuhi. Akilia hata mara moja kwa ajili yako, Boazi atamrudisha na gari la jioni, na hatafika tena mlangoni kwako mpaka awe mtu mzima wa kuamua mwenyewe.

Gwantwa


Tunduma, 29 Desemba 2024

Kwako Gwantwa, mkwe wangu,

Nakusalimu taratibu, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Watoto ni wazima. Wamelala. Mvua imenyesha mchana kutwa, chupa za madereva zimesombwa na maji, sijui zimekwenda kumchefua nani.

Barua yako ya Novemba niliisoma nikaiweka, nikaenda dukani, nikauza kitenge kwa bei nisiyoijua. Kesho yake nilikwenda kwa ustadhi Abdulwahab. Sikumpa jina la mtu. Nikamwuliza habari ya mtoto aliyembeba nguruwe, sheria inatakaje. Akaniuliza, mtoto alikuwa amelowa? Nikasema alikuwa mkavu, alikuwa na gauni jipya, limepigwa pasi. Akasema kikavu kwa kikavu hakiambukizi, hapakuwa na la kuosha hata mara moja. Akaendelea na kitabu chake. Mimi nilibaki pale natafuta viatu vyangu nilivyokuwa nimevivaa.

Basi walikuja juzi. Aziz alinirukia shingoni. Sabra alinipa shikamoo kutoka kwenye kizingiti, mikono nyuma. Nikajikaza, nikatandika mkeka, nikatoa ubao. Buni zako sikuzitumia, unisamehe, siwezi. Nimekata vipande vya vitenge vya rangi vilivyobaki dukani, nimevitia kwenye mfuko. Mtoto anatia mkono bila kutazama, rangi anayotoa ndiye mnyama anayesogea, cheusi ni wingu. Ustadhi kasema kura si dadu. Na kama angesema vingine nisingemwuliza tena.

Tulipofika kwenye tundu, Aziz alitoa mfukoni nguruwe wa udongo aliyemfinyanga huko kwenu, amekauka, sikio moja limevunjika. Akamweka palepale. Sitakudanganya. Nilitazama pembeni nikameza mate, nikasema haya, na yeye tumtafutie rangi. Tukampa zambarau. Alifika bandani wa kwanza, na Aziz alicheka mpaka akampiga dada yake.

Sabra alicheza, Gwantwa. Lakini sikiliza alivyocheza. Kila zamu yake ikifika alisimama, akatoka uani, nikasikia bomba. Akarudi mikono inachuruzika, akanionyesha pande zote mbili, akasema, "Bibi, nimenawa," ndipo akatia mkono mfukoni. Zamu nyingine, vilevile. Vipande vya vitenge vililowa vyote. Nikamwambia inatosha, mama, mikono yako ni safi. Akaitikia ndiyo bibi, akaenda tena. Safari moja alipotoka hakurudi upesi. Nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa chini ya mpapai anachota udongo. Alinyanyua uso akasema bado ule mmoja.

Sikuweza kusimama pale. Niliingia chooni nikatapika, kweli nilitapika, mimi ninayetapishwa na kila kitu cha watu. Kinyaa chako ulichonitajia nilikiona kikiwa na umbo, kina miaka sita, kina udongo viganjani.

Hakulia. Kwa hiyo Boazi aliondoka bila yeye.

Usiku tulikula wali na maharage. Nilikuwa nimekwishampa Aziz sahani yake. Sabra alikuwa ametoka kucheza na paka wa jirani, magoti yana matope, akaanza kunyanyuka kwenda bombani. Nikamshika mkono. Si kifundo, kiganja. Nikamwambia, "Kaa. Kwetu Tanga bibi akizeeka mjukuu humlisha. Nilishe." Akasema, "Sijanawa." Nikasema, "Nimeona. Nilishe hivyohivyo."

Aliutazama mkono wake pande zote mbili. Kisha akachota tonge dogo, akalibana na vidole vile, akaninyooshea. Nikafungua mdomo. Kulikuwa na mchanga, nilisikia ukisagika menoni. Hakuuondoa mkono. Alikuwa ananitazama mdomoni, aone kama nitatema.

Nikameza. Akachota lingine.

Mwajuma